Mwisho wa Kitabu cha Sarrah

Lea alilowesha kidole gumba kwa mate, akakisugua juu ya maandishi, kisha akakitazama kwenye mwanga wa mlango. Hakikushika weusi. Akafungua kitabu katikati, akapapasa karatasi, akanusa.

Mzee Khozema, mwenye duka, alikuwa ameketi nyuma ya meza akitabasamu. Macho yake siku hizi yalikuwa yameingia ukungu, lakini mnunuzi anayejua kuchagua alimtambua kwa kumsikiliza tu.

"Wengine huingia, wakauliza bei, wakaenda zao," alisema. "Wewe unakipima kitabu kama sonara."

Lea akainamisha uso. Ndivyo alivyofanya kila aliposifiwa na mzee huyu.

Hakuanzia hapa. Asubuhi alipita duka la vitabu la kanisa, ambako vitabu hupangwa vikang'aa kama vyombo vya harusi. Bei haisogei, na karatasi zenyewe ni ngumu, za kuteleza. Akatoka. Akaenda kwa Miraji, atandazaye vitabu chakavu juu ya gunia kule Makorora, kando ya marobota ya mitumba ambayo mwaka huo yalikuwa yameanza kuonekana tena mchana kweupe, baada ya miaka ya kuuzwa kwa kificho. Kwa Miraji ni rahisi mno, ila vitabu vyake vilikuwa vimelala pamoja na mafuta ya taa. Lea alipokinusa cha tatu, Miraji akawaambia wenziwe kwamba huyu dada katumwa samaki, kapotea njia. Wakacheka. Lea naye akacheka, akakirudisha.

Ndiyo maana mguu wake uliishia tena Ngamiani, Barabara ya Saba, kwa Mzee Khozema. Vya huku vilikuwa vya zamani, vikavu, vya karatasi laini. Tena mzee alikuwa akimpunguzia bei, yeye peke yake. Alimpunguzia kwa kuwa siku ya kwanza alimuuliza kama anasoma masomo ya jioni, na Lea, badala ya kusema la, akasema ndiyo.

Hasomi popote. Darasa la saba alimaliza, jina halikutoka, na tangu mashine za mkonge ziliposimama kule shambani alikofanya kazi baba yake, habari za masomo hazikutajwa tena nyumbani kwao. Lakini vitabu alivihitaji kweli, hilo halikuwa uongo. Wiki akikosa kitabu, yeye na mama yake hawatulii.

"Kile cha juzi umekimaliza?" mzee akauliza.

"Nimekimaliza, babu."

"Na unene ule?"

"Chote." Hapo alisema kweli, na hapo ndipo palipomchoma zaidi.

Mzee akamweleza kwamba mwisho wa mwezi anafunga duka. Mwanawe Aslam anamtaka Mombasa, akale ugali wa watu wenye macho, maana huku anaweza kutia chumvi kwenye chai asijue. Alilisema kwa mzaha, lakini mkono wake ulikuwa umeshaingia chini ya meza. Ukatoka na kitabu kinene, jalada limelegea kwa kushikwa.

Kilikuwa cha marehemu mkewe, Sarrah. Ile miaka ambayo madukani hamkuwa na sukari wala sabuni, hata kipande cha gazeti kilikuwa cha kutafutwa, Sarrah alikuwa akimsomea kitabu hicho kila jioni, kidogo kidogo ili kisiishe upesi. Akaisha yeye kabla ya kitabu. Zilibaki kurasa chache. Mwanzoni mzee moyo ulikataa kuzisoma. Sasa moyo umekubali, macho yamekataa.

"Hiki sikiuzi," alisema. "Nenda nacho. Ila ukifika mwisho, mwanangu, njoo unisomee. Miaka yote hii sijui kiliishaje."

Mkono wa Lea ukasita hewani.

"Babu, mimi..."

"Usione haya. Kuna mtu gani mwingine mjini hapa anayetaka kitabu mpaka akakinusa?"

Angesema kweli, bei ingepanda, na uso ule ungekunjamana. Akakipokea. Na mkono wenyewe, kwa mazoea yake mabaya, ukakipima kabla hajaukataza: kikavu, laini, kinene. Wiki mbili, ukamwambia.

Akatoka pale amekikumbatia kama mtoto wa mtu.

Nyumbani mama yake alikuwa jikoni, kazingirwa na moshi. Aliuliza kama amepata. Lea akaitikia. Mama akataka kujua bei. Alipoambiwa ni cha bure, akamshukuru Mungu kwa sauti, akamwombea mzee yule maisha marefu, na kila neno la dua lile Lea alilisikia kama kofi.

Jua lilipopungua ukali akabeba sinia, akaenda kukaa mahali pake karibu na kituo cha mabasi, kitabu kapakata. Mtu wa kwanza alikuwa kuli wa bandarini, akasimama mbele yake akitafuta sarafu mfukoni.

Lea akakifungua kitabu kwa nyuma. Akaung'oa ukurasa wa mwisho polepole, asije akayachana maandishi, akaukunja, akaufunga kwenye pindo la kanga.

Kisha akarudi ukurasa wa kwanza, akaung'oa, akausokota kama pembe, akamimina humo karanga za moto.