Samli ya Ijumaa

Kila Ijumaa Bi Mashavu aliipaka samli bastola ya Kijerumani aliyoachiwa na marehemu babake. "Silaha ni kama mtoto mchanga," mzee alimuusia, "isikose mafuta."

Adhuhuri ile wanajeshi walipomburura mwanawe Haruni uani, aliitoa, akamlenga mkubwa wao kifuani, akavuta kifyatulio. Hakikusogea. Samli ya miaka arobaini ilikuwa imegandia ndani kama gundi.

Mkubwa akamnyang'anya, akainusa, akacheka.

"Mama, hii yanukia pilau."

Akamrudishia kwa adabu, kama anayerudisha upawa wa jirani. Wakaondoka na Haruni.

Ijumaa iliyofuata Bi Mashavu alikaa pale pale uani, bastola mapajani, kidole amekwisha kukichovya kwenye samli, macho yakiwa mlangoni.