Reli Iliyojiziba

Siku hizi reli hazifungwi tena kwa bolti. Vipande hushikana vyenyewe, hutanuka na kusinyaa na jua, na palipopata ufa hujiziba. Kwa hiyo hakuna mtu anayetumwa kukagua njia.

Lakini Ndahani, aliyekaza bolti za reli pale Gulwe kwa miaka ishirini na sita, bado aliitazama kila alipokwenda shambani. Adhuhuri moja akaona kwenye maungio ufa unaopitisha kidole. Treni iliyokuwa ikimleta binti yake, Yeremina, ilikuwa imeshatokeza kwenye kona. Akavua shati lake jekundu, akasimama kando ya ufa akilipunga na kupiga kelele. Treni haikupunguza mwendo.

Alipotupa macho chini, ufa ulikuwa unajifunga kama kidonda kinachopona, kingo zikitafutana mpaka zikashikana. Mabehewa yakapita bila kutikisika.

Ndahani akachuchumaa, akapapasa pale. Palikuwa na joto, laini kama ukingo wa bakuli.

"Aisee! Aliyekubuni ana akili," akaiambia reli.

Nyumbani, Yeremina alipokwisha kuoga, mama yake alimletea Ndahani maji.

"Si imejiziba yenyewe, baba Yere? Mbona bado una wasiwasi?"

"Imejiziba vizuri kuliko nilivyowahi kuiziba mimi," alisema Ndahani. "Lakini nilipunga mpaka mkono ukauma, mama Yere. Kichwa cha treni kikapita, nikatazama ndani. Hamkuwa na mtu."