Jina Lililogoma Kuchapwa

Kwa mara ya sita tangu asubuhi Mectilda alichapa ukurasa wa marehemu, na kwa mara ya sita mumewe hakuwemo. Tluway yupo. Hermani yupo. Urban hayupo. Waliomzunguka walisogeleana wakaziba nafasi yake kama vile hajawahi kuzaliwa.

Kwenye kioo cha kompyuta jina lilikuwepo, Urban Bura Margwe wa Masakta, aliliandika mwenyewe. Programu ya kupanga kurasa ikilipokea tu, linapotea.

Saa kumi gari lingeondoka Katesh kupeleka kitabu cha sala za Novemba kikapigwe chapa. Miaka saba padri alikataa kumwandika Urban, kwa sababu machimbo yalimfukia na mwili haukuonekana. Mwaka huu alikubali. Mectilda hakuwa na kaburi la kupalilia. Alitaka walau jina lisomwe kanisani, naye alie amalize.

Alimwandikia Festo, fundi wa ile programu, aliyeko Arusha: "Programu yenu mbovu. Imemla mume wangu."

Festo akapiga simu. "Shikamoo mama. Pole sana, ila programu yetu haili watu."

"Marahaba. Jina halitoki."

"Ukisema mbovu sina pa kushika. Ukienda zahanati ukasema naumwa tu, utapewa dawa gani? Niambie umefanya nini, ulitegemea nini, umeona nini."

Akamweleza hatua kwa hatua. Festo akalijaribu jina lile kwake, likatoka vizuri.

"Basi ugonjwa umo kwenye hicho kitabu. Toa nakala, uikate nusu. Jina likiendelea kupotea, kata tena. Likirudi, ujue ulichokitupa ndicho chenye shida. Usinitumie kurasa tisini, mama. Nitumie mistari michache."

Letisia, mama mzazi wa Urban, alikuwa kwenye benchi la mlangoni na rozari yake. "Liache hilo jina, mwanangu. Mungu anamjua."

"Mungu anamjua, Mama. Ni sisi tunaotaka kumsikia."

"Likigoma limegoma."

"Kompyuta ina moyo wa kugoma?" Mectilda alisimama, akakaa, akasimama tena.

Alitupa nusu ya mwisho ya kitabu. Urban akarudi! Akapiga makofi peke yake, kisha akaona aibu. Akairudisha nusu ile, akatupa nyimbo. Urban akapotea. Akatupa orodha za parokia ya Masieda. Bado amepotea. Orodha hizo, za marehemu, wanandoa na waliobatizwa, kila parokia ilimtumia kwa simu, naye alizibandika tu. Nani angesoma majina elfu mbili?

Chai ilipoa ikashika ngozi juu. Saa saba. Saa nane. Zilibaki kurasa nane, nne, moja.

"Gari litakuacha," alisema Mama Letisia.

"Nimebakiza mistari kumi."

Rozari ikafungiwa kwenye pindo la kanga.

"Mitano, Mama!"

Mama Letisia alisimama, akajifunga kanga vizuri.

"Miwili! Nimempata!" Mectilda alimpigia Festo. "Mmoja ni wa mume wangu. Nikiufuta ule wa pili, anatokea. Nikiurudisha, anapotea. Nimejaribu mara tatu, ni hivyo hivyo."

Festo alicheka kwa furaha. "Mama, wewe umeripoti kuliko wasomi wote wanaonipigia. Sasa nimeelewa, wala si kosa. Programu haimchapi mtu mmoja mara mbili. Jina likiwa moja, mahali pa kuzaliwa ni palepale na mwaka ni uleule, inambakisha pale penye tarehe ya karibuni tu. Hebu nisomee huo wa pili."

Benchi lilikuwa tupu. Mama Letisia alishafika uani, akienda haraka, hakuaga.

Mectilda aliinamia kioo, akasoma kwa sauti kama alivyoambiwa:

"Waliobatizwa Pasaka ya mwaka huu. Marieta, umri miezi mitatu. Baba yake ni Urban Bura Margwe, mzaliwa wa Masakta, mwaka themanini na moja. Msimamizi wa ubatizo, bibi mzaa baba, Letisia."