Tembo Asiyezoa Tope

Alhamisi ya tarehe tisa, mwezi wa Rajabu, saa tatu asubuhi, Tembo alifika kwenye chemchemi ya wanyama. Desturi ya hapo ilikuwa moja: kila anayekunywa huzoa tope siku moja kwa wiki.

"Nitawapa nyote kazi ya kunikatia majani," alisema Tembo, "ila mnisamehe kuzoa tope miaka saba."

"Anayekunywa kuliko sote ndiye asamehewe?" aliuliza Mama Swala.

"Mama, wewe una kazi gani ya kutupa, zaidi ya masikio hayo?" alijibu Ngiri, mkuu wao.

Wote wakacheka, wakakubali. Wakamkatia majani alfajiri hadi magharibi, naye akawaangushia matunda. Hakuna aliyebaki na siku ya kuzoa tope.

Miaka saba ikatimia. "Bwana mkubwa, kesho zamu yako," alisema Ngiri.

"Kesho nahamia kwa Nyati," alijibu Tembo. "Wao wamenisamehe kumi na minne."

Akaenda zake. Chemchemi ilikuwa tope tupu. Mama Swala aliingia kumtafutia mwanawe maji, akazama hadi shingoni. Wakamvuta, wasimweze.

Mola amrehemu Mama Swala, amlaze penye maji baridi, na amtunze yatima wake. Amina.