Jiko Linauliza

Jiko la Bi Siwema, kama majiko yote ya mji ule, haliwaki mpaka nyumba ijibu maswali matatu: la michezo ya video, la habari za jana na la historia. Siku hizi nyumba hiyo haikosi chai. Mjukuu wake Raya hujibu la michezo huku akipiga mswaki, mkwewe hujibu la habari, na historia ni ya bibi mwenyewe.

Asubuhi hiyo jiko liliuliza, "Soko la Chekeni liliondokaje?"

Bi Siwema aliwahi kuuza vitumbua pale. Swali hilo lilipokuja mara ya kwanza alijibu, "Liliteketea, na watu wamo ndani," na nyumba nzima ikashinda siku mbili bila moto.

"Wafanyabiashara walihama kwa hiari yao," alisema sasa, wala hakusita.

Moto ukawaka.

"Bibi hakosi!" Raya akashangilia. Tangawizi ikaanza kunukia, na Bi Siwema akatabasamu kwa raha zake.

"Bibi, hilo kovu la mkononi ulilipata wapi?"

Alilitazama kwa muda, akijaribu kweli kukumbuka.

"Nadhani ni mafuta ya vitumbua, mwanangu."