Chumvi ya Faki

Siku hizi kila mfiwa hupewa jiwe la chumvi lililopigwa mionzi mpaka likawa na rangi ya asali. Likirudi kuwa jeupe, msiba umekwisha kisheria, na nguo za marehemu huchukuliwa.

Langu limekuwa jeupe hata eda sijamaliza.

"Riziki, umeshamsahau kaka yangu?" aliuliza wifi yangu Mwanaidi, akinionesha lake. Lilikuwa bado na rangi yake yote. Alilifungia sandukuni siku ya mazishi, na leo ndiyo kwanza analitoa.

"Nimsahau vipi, wifi? Kila asubuhi naliweka dirishani nizungumze naye."

"Mwanga ndio unaoila rangi, dada," alisema mwanamke wa ofisi ya misiba, huku akilitia guniani shati la Faki. "Hukuambiwa?"

Niliambiwa nisilianike juani. Nani aliniambia nisimtazame mume wangu?

Binti yangu mdogo, Saumu, akatoka chumbani amevaa kofia ya baba yake, imemfunika mpaka macho.

"Mama, nitazame!"

Nikageuza uso.