Kufuli Mpya ya Nyalenda

Mama Milka alipanda ngazi akiwa na sufuria moja kwapani na funguo tatu ambazo hazikufungua tena mlango wowote. Aliketi kwenye benchi bila kukaribishwa, akaziweka funguo mezani.

"Amenifungia nje," alisema. "Leo siku ya nne."

Ilikuwa Alhamisi, siku ambayo wakili Shaista hakumtoza mtu hata shilingi. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la vitambaa la baba yake, katikati ya Kisumu, na kila Alhamisi wapangaji walijaa hadi kwenye ngazi: waliong'olewa milango, waliokatiwa maji, walioezuliwa mabati wakiwa kazini. Miaka sita alikuwa akiwasikiliza, na hasira yake haikuwahi kuzoea.

"Nani amekufungia?"

"Frankline."

"Nyumba iko wapi?"

"Nyalenda. Nimekaa hapo miaka thelathini na mbili, nyathina, mwanangu. Watoto wangu wote walizaliwa hapo. Mwezi wa tatu nilipasuliwa macho, nikaenda kupona kwa binti yangu Muhoroni. Kurudi, nakuta kufuli mpya. Vitu vyangu amevitoa akavipeleka kwa jirani, kwa Dorca. Godoro limenyeshewa."

"Unadaiwa kodi?"

"Mimi?" Mama Milka alishangaa. "Sijawahi kudaiwa kodi ya nyumba hiyo hata siku moja."

"Alikupa notisi?"

"Notisi gani? Nilibisha, akanisemesha kwa dirisha. Nikamwambia, Frankline, hii nyumba mimi ndio—"

"Inatosha, mama." Shaista alikuwa ameshashika kalamu, na masikio yake yalianza kupata joto. "Nisikilize vizuri. Mtu anayeishi kwa nyumba hatolewi hivi hivi. Anapewa notisi ya maandishi. Akikataa kutoka, wanaenda mahakamani. Bila amri ya mahakama hakuna wa kumgusa, hata awe mwenye nyumba."

"Hata mwenye nyumba?"

"Hasa mwenye nyumba."

Mama Milka aliinamisha kichwa. Vidole vyake vilikuwa vikisugua ukingo wa sufuria, polepole, kama anayetafuta ufa.

"Chifu pia aliniambia maneno hayo hayo," alisema. "Neno kwa neno."

"Na hakufanya kitu?"

"Alisema hana la kufanya. Ndio nikaja kwako. Dorca aliniambia wewe hushindwi."

Shaista aliomba namba, akapiga simu, akaiweka mezani ili mama asikie. Sauti iliyoitika ilikuwa ya kijana, tena yenye adabu.

"Bwana Frankline, mimi ni wakili. Niko hapa na Mama Milka."

"Shikamoo, madam. Nakujua. Wewe ni wakili mzuri."

"Basi unajua kwamba mtu hawezi kutolewa kwa nyumba yake bila amri ya korti."

"Najua, madam. Hata mimi ndivyo ninavyosema. Aliye na amri ya korti aje nayo, tutafuata sheria."

"Kwa nini ulibadilisha kufuli?"

"Ili mtu asiingie nikiwa kazini. Hiyo pia ni haki."

"Haki ya nani?"

"Muulize mama. Ako na karatasi." Simu ikakatika.

Shaista alimgeukia Mama Milka. Mwanamke huyo alikuwa ameanza kulia bila sauti, machozi yakimtoka kwenye yale macho mapya ambayo daktari alimwonya asiyatese.

"Kuna karatasi, mama?"

"Iko." Aliingiza mkono ndani ya blauzi, akatoa bahasha iliyolowa jasho. "Nilitia kidole nikiwa hospitalini. Frankline alikuja kuniona, akaniletea ndizi na maziwa. Macho yalikuwa yamefungwa bandeji, kwa hivyo alinisomea yeye mwenyewe. Alinisomea ni ya chumba kimoja tu, kile cha nyuma. Nyathina, sikuona aibu kukuonyesha. Nilitaka kukuonyesha tangu mwanzo. Lakini ulikuwa unaniambia sheria iko upande wangu, na tangu Jumatatu hakuna mtu ameniambia hivyo."

Shaista aliikunjua karatasi. Ulikuwa mkataba wa miaka mitano, wa nyumba nzima na ua wake. Kila tundu lilikuwa limezibwa. Mpangaji asisumbuliwe. Mpangaji asikatiwe maji wala umeme. Mtu yeyote asiingie bila ruhusa ya mpangaji. Ulikuwa mkataba imara kabisa, ambao mahakama ingehitaji miaka kuuvunja, kama ingeuvunja.

"Utanirudisha leo?" aliuliza Mama Milka. "Ama kesho?"

Wakili alirudi juu ya ukurasa, akasoma upya yale majina mawili, mara ya pili kwa kidole, kama mtoto anayejifunza kusoma.

Mpangaji: Frankline Ochola. Mwenye nyumba: Milka Adongo. Na chini ya alama ya dole gumba, palipoandikwa "Umetayarishwa bila malipo na", kulikuwa na muhuri wa Shaista mwenyewe.